Je, Mkubwa Kummeza Mdogo Ni Amri ya Mbingu?

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ama baad.

Ndugu msomaji, ni ada ya darasa yetu ya baada ya magharibi kuwa mwisho wa somo hutolewa nafasi kwa mwenye suala, na jawabu likiwa refu huandikwa katika kurasa hizi ili wasiohudhuria nao wapate fungu lao. Suala la mara hii liliulizwa na kijana mwenye akili na mpenda kusoma. Alikuwa amesoma khabari za nyota, ya kwamba huko mbinguni mna galaksi kubwa mno zenye umbo la yai, na kwamba zimeupata ukubwa wao kwa kuzimeza galaksi ndogo zilizokuwa jirani zao. Na siku zile mtaani palikuwa na maneno mengi juu ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiyanunua maduka madogo moja baada ya jingine, na watu wakimlaumu. Kijana akasema: "Maalim, ikiwa mbingu zenyewe zimeumbwa kwa mwendo huu, kubwa kuimeza ndogo, basi huyu bwana amekosa nini? Si amefuata tu mwendo wa ulimwengu?"

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, kwani suala hili ni zito kuliko linavyoonekana. Katika karne ya 19 na ya 20 walikuwako watu wa Ulaya waliosema waziwazi kuwa taifa lenye nguvu lina haki ya kulitawala lililo dhaifu, na hata kulifuta, kwa kuwa ndivyo maumbile yaendavyo. Maneno hayo yalichukua nchi za watu na roho za watu. Basi neno ambalo leo lamtetea mwenye duka, jana lilimtetea mwenye mzinga, na haifai kulijibu kwa kicheko. Yatupasa kwanza tuijue khabari yenyewe ilivyo, kisha tutazame kama yaweza kutuhukumia jambo.

KHABARI YENYEWE

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota. Ule ukanda mweupe uonekanao usiku wa giza, ambao Waarabu huuita al-Majarra, ni galaksi yetu sisi tuionayo kutoka ndani yake, na nyota zake hukisiwa kuwa baina ya bilioni 100 na bilioni 400, jua letu likiwa moja katika hizo. Jirani yetu mkubwa ni galaksi ya Andromeda. Wa kwanza ajulikanaye kuiandika ni Abdul-Rahman as-Sufi katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, zaidi ya miaka 600 kabla ya darubini kuelekezwa mbinguni. Aliiona kwa macho matupu, akaitaja kuwa ni mfano wa kiwingu kidogo. Ilipita karibu miaka elfu nzima, mpaka miaka ya 1920, ndipo Edwin Hubble wa Marekani alipoupima umbali wake na kuthibitisha kuwa kiwingu kile ni jamii nyingine ya nyota, iliyo nje kabisa ya hii yetu. Leo twajua kuwa nuru yake husafiri miaka milioni 2 na nusu kabla ya kulifikia jicho letu, na ndiyo maana husemwa kuwa iko mbali miaka ya nuru milioni 2 na nusu.

Huyo Hubble ndiye aliyezigawa galaksi kwa maumbo yake mwaka 1926. Kuna zilizo bapa kama sahani, zenye mikono iliyojipinda, kama hii yetu. Nyota zake huzunguka upande mmoja kwa nidhamu, mfano wa watu wanaotufu. Na kuna zilizo na umbo la yai au la tufe, ambazo nyota zake kila moja ina njia yake, hii yaenda huku na ile yarudi kule, mfano wa watu sokoni siku ya kuamkia Idi. Nyota za galaksi hizi za pili kwa kawaida ni kongwe na rangi yake yaelekea wekundu, na nyota mpya hazizaliwi humo ila kwa uchache. Galaksi kubwa kupita zote zilizo karibu nasi ni za namna hii.

Tuchukue moja iwe kielelezo. Katika buruji ya Sumbula mna galaksi iliyoandikwa na Mfaransa Charles Messier mwaka 1781, nayo katika orodha yake ni ya 87, kwa hivyo huitwa M87. Iko mbali nasi kadiri ya miaka ya nuru milioni 55. Galaksi yetu ina mafungu ya nyota yaliyoshikamana kama tufe kiasi cha 150 na kidogo zaidi. Hiyo M87 ina yapata elfu 12. Katika kitovu chake mna shimo jeusi lenye uzito wa majua bilioni 6 na nusu, na picha yake iliyotolewa Aprili 2019 ndiyo ya kwanza kupigwa ya shimo jeusi lolote.

Vipi imefikia ukubwa huu? Wataalamu wasema ukuaji wake una zama mbili. Zama za kwanza zilikuwa zaidi ya miaka bilioni 10 iliyopita, ambapo gesi nyingi iliporomokea mahali pamoja na nyota zikazaliwa humo kwa wingi na kwa haraka. Kikapatikana kitu kizito lakini kidogo kwa upana. Darubini zimeziona galaksi za zama hizo za kale, nazo zina uzito unaokaribia wa hizi kubwa za leo ilhali upana wake ni mdogo mara kadhaa. Kilichobaki cha mambo hayo ndicho kitovu cha galaksi kubwa tuzionazo.

Zama za pili ndizo alizozisoma kijana wetu. Galaksi kama M87 hukaa katikati ya jamii ya galaksi zaidi ya elfu moja, na ndogo zipitapo karibu nayo hunaswa. Sababu yake aliieleza mwaka 1943 mtaalamu mzaliwa wa Lahore, Subrahmanyan Chandrasekhar. Kitu kizito kipitapo katikati ya nyota nyingi huzivuta, nazo hujikusanya nyuma yake, mfano wa mkondo ubakiao nyuma ya mashua. Kisha mkusanyiko huo nao hukivuta kirudi nyuma. Mwendo wake hupungua, njia yake hujikunja, na kila mzunguko hukisogeza ndani zaidi, mpaka mwisho hupasuka na nyota zake kutapakaa katika kile kikubwa. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa hisabati za kompyuta namna galaksi mbili zipitianapo karibu zinavyovutana na kuachiana mikia mirefu ya nyota. Na mwaka 1977 Alar akatoa rai kuwa galaksi nyingi zenye umbo la yai zimetokana na kuungana kwa zile zilizo bapa: nidhamu ya kutufu ikavunjika, ikabaki ya sokoni.

Wala haya si ya kukisia tu. Mwaka 2015 wataalamu walipima mwendo wa nyota zipatazo 300 zilizo katika hali ya kufa ndani ya M87, wakakuta nyingine zaenda mwendo wa peke yake, kama wageni ambao bado hawajaizoea lafudhi ya mji. Hizo zilikuwa athari za galaksi ya wastani iliyoingia humo katika miaka bilioni moja ya mwisho. Na galaksi yetu nayo haina usafi wa kujigamba. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi ndogo inayopasuliwa na hii yetu sasa hivi, na mwaka 2018 zikajulikana nyota za nyingine, kubwa zaidi, iliyoingia humu miaka yapata bilioni 10 iliyopita. Huenda baadhi ya nyota tuzitazamazo kila usiku asili yake si ya hapa.

Hii ndiyo khabari kwa ufupi, nasi twaikubali. Asiyeikubali kwa kuchelea yatakayotokana nayo, huyo ameikimbia ilimu, na ilimu haikimbiwi.

SUALA LAJIBIWA

Twasema: hoja ya kijana imesimama juu ya miguu miwili, na yote miwili ni mibovu.

Mguu wa kwanza ni neno "kumeza". Wanafunzi wa balagha wajua kuwa maneno yana hakika na yana majazi. Simba akimmeza swala, hiyo ni hakika: mna mdomo, mna uchungu, mna mmoja aliyekuwa hai akafa. Lakini galaksi ikiimeza galaksi, hayo ni majazi. Hebu ulifanye jua kuwa punje ya choroko, uiweke Mombasa. Nyota iliyo karibu nalo kuliko zote itakuwa punje nyingine iliyoko Malindi, na baina yake ni uwazi. Basi galaksi mbili ziingianapo, nyota hupitana bila ya kugusana, ila kwa nadra mno. Mawingu ya gesi ndiyo yagonganayo, na mara nyingi katika kugongana huko huzaliwa nyota mpya. Hapana aliyeliwa, hapana aliyelia. Wataalamu wenyewe, mambo haya haya huyaita "kumeza" wakitaka, na "kuungana" wakitaka. Lau kijana wetu angalisoma kitabu kilichoyaita arusi, angalikuja kuniuliza juu ya nikaha, si juu ya maduka. Basi hoja yake haikutoka mbinguni. Ilikuwa imejificha ndani ya neno, na neno ni letu sisi wanadamu.

Mguu wa pili ni mbovu zaidi, nao ni kuifanya khabari kuwa amri. Wanavyuoni wamepambanua baina ya analoliumba Mola likawa, na analoliamrisha kwa waja wake walitende. Homa huja, nayo imo katika aliyoyaumba. Je, tuache kuitibu? Moto huchoma, na hilo ni umbile lake. Nyumba ya jirani ikishika moto, twasimama tukisema huu ndio mwendo wa ulimwengu, au twachukua ndoo? Nyota haikuambiwa "usidhulumu" kwa kuwa haina hiari ya kudhulumu. Mwanadamu ameambiwa, kwa kuwa anayo. Mtu alipewa hiari ili aweze kutenda lisilokuwa la lazima, naye ajifananishapo na jiwe ili aikwepe lawama, amejitoa mwenyewe katika daraja aliyotukuzwa nayo. Na aliyemwibia huyo mfanyabiashara naye angaliweza kumwambia: "Samahani bwana, huu ndio mwendo wa maumbile." Sidhani angaliikubali hoja hiyo.

MFANO SI HOJA

Hapa yanipasa kukiri jambo. Kabla ya majawabu haya mawili, jawabu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa jingine, tamu zaidi. Nalitaka kumwambia: "Tazama basi mwisho wa mwenye kumeza! Galaksi hizo kubwa zimekuwa tasa, hazizai nyota, ukubwa wamepata na uhai wamepoteza." Ingalikuwa waadhi mzuri, na watu wangalitikisa vichwa.

Nalinyamaza, na namshukuru Mola kuwa nalinyamaza, kwani nilipolichungua nalikuta si kweli. Galaksi hizo hazikuwa tasa kwa sababu ya kumeza. Nyota huzaliwa kwa gesi iliyopoa, na gesi iliyomo na iliyozizunguka galaksi hizi ni ya moto mno, hufikia nyuzi mamilioni. Tena yatakapo kupoa, lile shimo jeusi la katikati huichemsha upya kwa mianzi itokayo kwenye ukingo wake. Mwanzi mmoja wa M87 uliandikwa na Heber Curtis mwaka 1918, nao una urefu wa miaka ya nuru yapata elfu 5. Na lililonikata maneno ni hili: iko galaksi moja, NGC 1277, mbali nasi zaidi ya miaka ya nuru milioni 200, ambayo yaonekana haikumeza takriban kitu tangu kuumbika kwake. Imebaki vile vile, ndogo na nzito, kama zile za zama za kale. Nayo pia ni tasa. Mmezaji amekuwa tasa, na asiyemeza amekuwa tasa. Waadhi wangu ulikuwa umekwisha kabla sijautoa.

Ndugu zangu tuwafunzao watu, hili latuhusu sisi kwanza. Twamkataza kijana asichukue mbinguni dalili ya dhuluma, kisha sisi twachukua huko huko dalili ya uadilifu; tukimkataza yeye, haina budi tujikataze na nafsi zetu. Khabari za wataalamu nazo hubadilika kwa kadiri ya vipimo vyao. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa galaksi yetu na Andromeda zitagongana baada ya miaka kiasi cha bilioni 4, na watu wakalishika hilo kama jambo la yakini. Mwaka 2025 hisabati nyingine ikaonyesha kuwa kugongana katika miaka bilioni 10 ijayo ni nusu kwa nusu. Huu si upungufu wa ilimu, bali ndio uaminifu wake. Lakini aliyeifunga itikadi yake au maadili yake kwenye khabari ya 2012, afanye nini 2025?

Basi kanuni yetu iwe hii: mfano si hoja. Mfano hulifafanua lililothibiti kwa dalili nyingine, na wala haulithibitishi. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, nao walikuwa wakihimiza uangalifu wa mali. Lakini kibaba chenyewe hakikuambii haba hizo zimetoka ghalani kwako au ghalani kwa yatima. Hilo huulizwa mtu.

Na huyo mfanyabiashara ahukumiwe kwa masuala ya kibinadamu. Je, aliyeuza aliuza kwa ridhaa au kwa kubanwa na deni? Je, alilipwa thamani au alilipwa kwa kadiri ya dhiki yake? Je, huyu bwana aliuza kwa hasara makusudi mpaka jirani akaanguka, kisha akapandisha bei? Je, alisema uwongo? Ikiwa hapana katika hayo, ukubwa peke yake si dhambi, na wanaomlaumu wajichunge na husuda. Na ikiwa lipo hata moja, galaksi zote za buruji ya Sumbula hazitamtolea ushahidi.

SUALA LA PILI

Nalidhani nimemaliza. Kijana akainamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu: "Maalim, na ikiwa hakumdhulumu yeyote, lakini mtaa umebaki na duka moja, na wale wazee waliokuwa na vijiduka hawana la kufanya?"

Sikumjibu usiku ule. Nalimwambia tutatazama, nikafunga darasa. Njiani sikuwaza juu ya maduka. Naliwaza juu yetu. Miaka kadhaa nyuma sisi tulifungua madrasa yenye madawati, na madarasa yaliyopangwa, na mitihani. Ilikuwa kheri, nami hata leo nasema ni kheri. Lakini katika mitaa iliyotuzunguka palikuwa na vyuo vitatu vidogo, na katika miaka miwili vyote vitatu vilifungwa. Hatukumlazimisha mtu. Wazazi walichagua wenyewe. Hatukusema uwongo wala hatukumsengenya mwalimu yeyote. Katika masuala yote niliyoyaandika hapo juu, hapana moja litakaloturudi. Na mmoja wa walimu hao watatu ni mama mtu mzima aliyekuwa akisomesha ukumbini kwake, ndiye aliyenifunza mimi alifu na be. Tangu chuo chake kilipofungwa, sikuwahi kwenda kumuuliza yuaishije.

Nalikwenda siku ya pili yake. Alinikaribisha kwa furaha, akaniuliza jambo moja tu: "Watoto wasoma, mwanangu?" Nikamwambia wasoma. Akasema, "Alhamdulillahi," akanyamaza. Nami sikuwa na neno.

Basi jawabu la suala la pili ni hili, kwa kadiri ya fahamu yangu. Kuna madhara yasiyokuwa dhuluma, na mwenye kukua hana budi kuyatazama, ijapokuwa hapana kadhi atakayemwita. Galaksi haijui kilichokuwa mahali pale kabla yake, wala haidaiwi kujua. Sisi twajua, na kujua kwetu ndiko deni letu. Mwenye duka kubwa huenda asiwe na kosa la kununua, lakini akipita mbele ya kijiduka kilichofungwa bila ya kumkumbuka mwenyewe, amejifanya jiwe kwa hiari yake.

Nami, kwa kuwa si haki kumtaka mwenye duka jambo nisilolifanya mimi, nimewashauri wenzangu wa darasa mambo mawili. La kwanza, katika ada za madrasa litolewe fungu la kila mwezi kwa walimu watatu hao, kwa jina la haki yao na si kwa jina la sadaka. La pili, watoto wadogo wanaoanza alifu warudishwe kwa yule mama asubuhi, ukumbini kwake, nasi tuwapokee watakapoweza kusoma. Shauri hili litasomwa kikao kijacho. Mwenye rai nyingine na aje aitoe, na mwenye kuona nimekosea katika niliyoyaandika anionyeshe, nitarejea.

Twamuomba Mola atupe ilimu yenye manufaa, na macho ya kuwaona walio chini yetu kama tuzionavyo nyota zilizo juu yetu. Wabillahi taufiki.